Fundi Seremala Si Mkono wa Kukodi

Kuna kauli iliyozoeleka katika karakana za samani, madukani Kariakoo na hata sebuleni majumbani, kwamba zama za fundi seremala zimepita. Mwenye karakana anasema, "Nikipata mashine ya kisasa, fundi yeyote atanifaa." Mteja anasema, "Mimi sinunui cha fundi, nanunua cha kiwandani." Mzazi anamwonya mwanawe, "Usiposoma utaishia kuranda mbao." Midomo ni mitatu, imani ni moja: kwamba akili ya kutengeneza kitu cha mbao imo ndani ya mashine au ofisini kwa mwenye mali, na seremala ni mikono tu, inayokodiwa asubuhi na kuachwa jioni.

Mimi ni seremala wa karakana, na imani hiyo naipinga kuanzia mzizi wake. Haitukoseshi heshima tu sisi wenye kazi. Inaharibu samani za watu, inamaliza miti yetu kwa faida ya wengine, na inamfanya mwenye karakana atumie fedha nyingi kununua kitu ambacho hakitampa kile anachokitafuta.

Malalamiko ya wateja siyakatai. Milango inavimba masika na kugoma kufunga. Meza zinapasuka katikati. Kitanda kinalia kabla hakijamaliza mwaka. Ahadi ya Ijumaa inageuka kuwa ya mwezi ujao. Wala mimi si adui wa mashine. Anayeranda kwa mkono mbao za vitanda ishirini wakati mashine ipo anajichosha bure na kumchelewesha mteja. Ninachouliza ni kasoro hizi zinatoka wapi, na nani mwenye uwezo wa kuziondoa. Wenye imani ile wanajibu kwamba zinatoka kwenye mkono wa fundi, basi dawa ni kuupunguza mkono huo. Mimi nasema zinatoka pale ambapo maarifa ya fundi hayakuulizwa, au yaliulizwa kisha yakapuuzwa.

Tuanze na ubao wenyewe. Mbao nyingi za paini zinazofika Dar es Salaam hutoka Nyanda za Juu Kusini, hasa Mufindi, liliko shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali. Paini iliyokatwa leo huweza kubeba maji yanayozidi uzito wa mbao yake ikikaushwa kabisa. Maji hayo yako ya namna mbili. Kuna yaliyojaa ndani ya matundu ya seli. Hayo yakitoka, ubao unapungua uzito tu. Kuna na yaliyonywewa na kuta za seli. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 28 au 30, haya ya pili ndiyo yanaanza kuondoka, na hapo ubao unaanza kusinyaa. Tena hausinyai sawasawa. Kwa urefu karibu haubadiliki. Kwa upana, ubao uliopasuliwa bapa husinyaa karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini cha gogo. Ndiyo maana mbao mbili zilizotoka kwenye mti mmoja, zikalala kwenye bohari moja, moja hujikunja na nyingine hubaki imenyooka.

Ubao ukikauka haukomei hapo. Unaendelea kutafuta kulingana na hewa ya mahali ulipo, siku zote za uhai wake. Hewa ya Dar es Salaam huuacha kwenye unyevu wa kama asilimia 14 au 15. Dodoma wakati wa kiangazi huweza kushuka hadi 10, na chini ya hapo ndani ya ofisi yenye kiyoyozi. Kwa aina nyingi za mbao, tofauti hiyo inatosha kupunguza upana kwa kiasi cha asilimia 1. Chukua meza ya mkutano yenye upana wa sentimita 90, imetengenezwa Keko, Dar es Salaam, na kupelekwa Dodoma. Itajaribu kupungua karibu milimita 9. Hakuna skrubu wala gundi itakayouzuia mvuto huo. Kama uso wa meza umekazwa kwenye fremu bila nafasi ya kusogea, utapasuka, na mteja atasema mafundi wa Keko hawajui kazi.

Nioneshwe mashine inayojua kwamba meza hii inakwenda Dodoma.

Fundi anayejua huuliza kwanza meza inakwenda wapi. Kisha hutoboa matundu ya skrubu marefu kidogo kuliko unene wake ili uso uweze kutembea, au huushika uso kwa vibao vidogo vinavyoteleza ndani ya mfereji wa fremu. Mlango wa paneli tunaouona kila nyumba ulibuniwa kwa ajili ya tatizo hilihili. Paneli hukaa huru ndani ya mfereji, haigandishwi kwa gundi wala kupigwa misumari, ili itanuke masika na kusinyaa kiangazi bila kuusukuma mlango. Anayeona paneli inacheza kidogo akaipigilia misumari "ili ikae imara" ameupasua mlango kabla haujatoka karakanani. Tofauti ya mlango huo na ule utakaomzika aliyeufunga si mashine. Yote miwili ilipita kwenye msumeno uleule na randa ileile.

Watu watanijibu kwamba haya ni mambo ya mchoraji, na kwamba kazi ya pale chini ni kusukuma ubao na kubonyeza swichi. Anayesema hivyo hajasimama mbele ya mashine ya kuranda. Ubao una nyuzi, na nyuzi zina mwelekeo. Ukiuingiza kinyume, kisu kinanyofoa vipande badala ya kulainisha. Mvule una nyuzi zinazopishana, kwa hiyo upande mmoja wa ubao hukubali na mwingine hukataa ndani ya ubao huohuo, na wakati mwingine umeficha mawe magumu ya chokaa ndani yake, yanayotosha kutia pengo kisu kipya. Msaji una chembe za silika zinazomaliza makali upesi. Fundi huusikia msumeno kabla hajauona: sauti ikibadilika anajua meno yamechoka, na akiendelea ataunguza mbao na kuichosha mota. Vumbi la mninga huwasumbua watu pua na kifua, kwa hiyo anajua siku ya mninga haifanani na siku ya paini.

Kuna na hatari. Ubao mwingine umebeba mkazo uliobaki kutoka kwenye mti, na unapochanwa kwenye msumeno wa duara hujifunga nyuma ya msumeno na kurudishwa kwa nguvu kumwelekea anayeusukuma. Seremala mzoefu huuona ubao wa namna hiyo kabla ya kuuweka mezani. Huangalia kiini kilipo, huangalia vifundo, huuinua na kuutazama kwa jicho moja kuanzia mwisho hadi mwisho. Ukaguzi huo huchukua sekunde chache, na aliyekodiwa jana kwa sababu "mashine inafanya yenyewe" hajui hata kwamba kuna cha kukagua.

Siku hizi baadhi ya karakana zina mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta. Ni nzuri, na zinachonga ua lilelile kwenye vichwa vya vitanda hamsini bila kuchoka. Lakini zitalichonga ua hilo juu ya kifundo kitakachodondoka mwezi ujao. Zitalichonga kwenye ubao mbichi kwa usahihi uleule zinaolichonga kwenye ubao mkavu, na usahihi huo utapotea ubao ukikauka. Lazima awepo mtu wa kuchagua ubao, kuamua uso upi uangalie juu, kuchagua kisu, kuushika ubao usitikisike, na kujua ni wapi mbao nyembamba itavunjika ikichongwa kuvuka nyuzi. Mtu huyo ni seremala, hata akiwa ameshika kompyuta.

Hapa ndipo hoja ya wapinzani wangu inapogeuka na kuwaangukia wenyewe. Wanadhani kadiri uzalishaji unavyokuwa mkubwa ndivyo ufundi unavyopungua umuhimu. Mambo ni kinyume. Seremala wa mkono akikosea kiti kimoja, amekosea kiti kimoja. Karakana inayotoa viti mia mbili hutengeneza kalibu: kifaa cha kuushika mguu kwa pembe ileile kila unapotobolewa tundu la kuingizia ulimi wa kiungo. Kalibu ikikosewa kwa milimita mbili, kosa hilo linanakiliwa kwenye viti mia mbili. Kadiri mashine inavyokwenda kasi ndivyo kosa linavyosafiri mbali kabla ya kugunduliwa. Aliyetengeneza kalibu hiyo ndiye mtu wa thamani kuliko wote katika jengo lile, na mara nyingi malipo yake ni sawa na ya saidia fundi.

Historia ya viwanda vya mbao inathibitisha hilo. Miongoni mwa viti vilivyouzwa sana katika karne ya 19 ni kiti nambari 14 cha Michael Thonet, kilichotoka mwaka 1859. Kilikuwa na vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Kilisafirishwa kikiwa kimefunguliwa, viti 36 ndani ya sanduku la mita moja ya ujazo. Kufikia mwaka 1930 vilikuwa vimeuzwa kama milioni 50. Thonet alikuwa nani? Seremala wa samani, mzaliwa wa Boppard, Ujerumani. Siri yake ilikuwa ya kifundi. Mbao ya mti wa biichi ikichemshwa kwa mvuke hulainika na kupindika, lakini nyuzi za upande wa nje wa pindo huvutwa na kukatika. Thonet alifunga ukanda wa chuma upande huo wa nje, ukazuia nyuzi zisivutike, upindaji wote ukawa wa kubana upande wa ndani. Mbao iliyolainishwa kwa mvuke hustahimili kubanwa kuliko kuvutwa. Ni mtu aliyeishi na mbao tu angeweza kulifikia wazo hilo.

Najua jibu litakalokuja: wafanyakazi wengi wa viwanda vya Thonet walikuwa wanavijiji wa kawaida wala si mafundi. Ni kweli, na ukweli huo unanisaidia mimi. Waliweza kuzalisha kwa sababu maarifa ya seremala yalikuwa yameshawekwa ndani ya kalibu, ndani ya ukanda wa chuma na ndani ya muda wa kuchemsha. Mwenye karakana wa kwetu anayefukuza fundi na kubaki na vibarua hana alichokiweka kwenye kalibu. Amechukua nusu ya pili ya kazi ya Thonet na kuiacha ya kwanza.

Mfano mwingine: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza iliunda ndege ya kivita ya de Havilland Mosquito, ambayo mwili na mabawa yake vilikuwa vya mbao. Iliruka mara ya kwanza Novemba 1940, na ikawa miongoni mwa ndege zenye kasi kubwa za wakati wake. Ziliundwa zaidi ya 7,000, na sehemu zake nyingi zilitengenezwa na viwanda vya samani, vikiwemo vya mji wa High Wycombe uliokuwa ukisifika kwa viti. Serikali iliyokuwa vitani, yenye wahandisi na mashine, ilikwenda kwa maseremala. Na baadhi ya ndege hizo zilipofika India viungo vyake vikaanza kufunguka, uchunguzi ulirudi kwenye mambo yaleyale tunayobishania Keko: gundi, unyevu, na jinsi kiungo kilivyofungwa.

Sasa niingie kwenye samani za kutoka nje, maana ndizo zinazotajwa kila siku kama ushahidi dhidi yetu. Kabati jeupe linalong'aa, limekuja kwenye boksi lenye maelezo ya kuliunganisha. Linavutia, nami sitalibeza. Lakini mteja ajue anachonunua. Mengi ya makabati hayo ni ya chipubodi, yaani vumbi na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, vikafunikwa kwa karatasi au plastiki. Chipubodi ina faida zake: haijikunji kama ubao, na ni nafuu. Ikiguswa na maji ukingoni huvimba na hairudi. Skrubu iliyokazwa ndani yake ikitolewa na kurudishwa mara kadhaa hukosa pa kushika.

Fikiria basi maisha ya mtu wa Sinza au Buguruni, Dar es Salaam. Anapanga. Baada ya miaka michache mwenye nyumba anapandisha kodi, anahama. Kabati linafunguliwa, linapandishwa kwenye kigari cha Kirikuu, linaunganishwa tena, kisha linafunguliwa tena. Linasukumwa ukutani penye unyevu, sakafu inadekiwa kwa maji kila asubuhi. Kabati lililobuniwa kwa nyumba kavu ambalo mwenyewe angeliunganisha mara moja tu halikubuniwa kwa maisha hayo. Mzee wake wa kijijini ana kitanda cha mninga alichorithi, na bado kinalaliwa. Anayelinganisha vitu hivi viwili na kuhitimisha kwamba mashine imemshinda fundi hajalinganisha fundi na mashine. Amelinganisha mng'aro wa siku ya kwanza na siku zote zitakazofuata.

Kuna na jambo ambalo wanaosifu samani za nje hawalisemi: huko zilikotoka nako kuna mafundi. Kuna mtu anayepima unyevu wa mbao kabla haijaingia kiwandani, kuna anayenoa visu, kuna anayekagua gundi. Kwa hiyo kabati zuri la nje ni ushahidi kwamba nchi nyingine imewalipa mafundi wake na kuwapa vifaa. Halisemi lolote kuhusu kutohitajika kwa fundi.

Kwetu kinachoharibu kazi kwa kiwango kikubwa ni jinsi tunavyolipana. Karakana nyingi hulipa kwa kipande: kitanda kiasi hiki, mlango kiasi kile. Gundi nyeupe ya mbao inataka muda ndani ya jiliwa, na siku nzima hadi ipate nguvu yake kamili. Fundi anayelipwa kwa kipande, ambaye watoto wake wanakula leo, haisubiri gundi. Anapiga misumari kwenye kiungo na kuendelea, na mwenye karakana anaona na kunyamaza kwa sababu mteja yuko kwenye simu. Vanishi inapigwa jioni ya mvua juu ya mbao isiyokauka, kesho yake imekuwa na ukungu mweupe. Fundi huyo anajua kabisa anachokosea. Malipo yake yamempangia akosee.

Mbao nazo zina simulizi hiyohiyo. Fundi asiye na mtaji hununua mbao kwa advansi ya mteja. Anazinunua leo na kuzikata kesho. Mbao ngumu ya inchi mbili huweza kutaka mwaka mzima au zaidi, ikipangwa kivulini kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Nani atamkopesha fundi mwaka mmoja wa mbao zilizolala? Wenye karakana wenye mtaji wangeweza, lakini wengi wao wanapopata mkopo wa benki kitu cha kwanza wanachonunua ni mashine, kwa kuwa mashine inaonekana mgeni akifika. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo fundi mkuu aliomba kipimo cha unyevu, kidude cha kushika mkononi kisichozidi ukubwa wa simu, akaambiwa hakipo kwenye bajeti. Mwaka huohuo ikaletwa mashine mpya ya kuranda. Ikaranda mbao mbichi kwa kasi zaidi.

Halafu tunaambiwa mafundi hawatulii kazini. Mtu atatulia vipi mahali asipo na mkataba, asipochangiwa mfuko wa hifadhi ya jamii, na ambapo msumeno hauna kinga kwa sababu kinga "inachelewesha"? Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003. Pamoja na hayo yote, maseremala wengi hujifunga kitambaa usoni, na vumbi likikusanywa hukusanywa kwa ufagio. Fundi mwenye maarifa anapopata pa kwenda anaondoka, anayebaki ni asiye na pa kwenda, na mwenye karakana anamnyooshea kidole kama mfano wa mafundi wote.

Ndugu zangu wazazi na walimu, nina neno nanyi. Kauli ya "usiposoma utaishia kuranda mbao" imetufikisha mahali pabaya. Mwanafunzi aliyeikimbia hesabu darasani ataikuta karakanani inamsubiri. Fremu inathibitishwa kuwa mraba kwa kupima mishazari miwili na kuona inalingana. Kona ya mraba inapatikana kwa pande za tatu, nne na tano. Kupanga vipande vya makabati sita kwenye mapande ya plaiwudi ya futi nane kwa nne, bila kupoteza pande moja zaidi ya lazima, ni hesabu inayomtoa jasho mtu mwenye shahada. Kiti chenye miguu iliyoegama pande mbili kwa wakati mmoja kina pembe ambayo huwezi kuipima moja kwa moja. Lazima uikokotoe au uichore kwa ukubwa wake halisi.

Nchi imeanza kulitambua hili kwenye karatasi. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ipo kwa sheria ya 1994. Chuo cha Viwanda vya Misitu kipo Moshi. Mitaala iliyoanza 2024 imeleta mkondo wa amali sekondari. Haya ni mema, nayaunga mkono. Hofu yangu ni moja: mkondo huo ukigeuzwa jalala la wanafunzi ambao shule imewakatia tamaa, utathibitisha imani ileile ninayoipinga. Pelekeni huko na watoto wanaopata A kwenye jiometri, wale wanaofungua redio kuona ndani kuna nini. Kazi hii inawahitaji, na itawalipa nchi ikijua thamani yao.

Kwamba hatujaijua thamani hiyo, mpingo ni shahidi. Mpingo huota kwetu, Lindi, Kilwa na Nachingwea, na ni mzito kiasi cha kuzama majini. Wamakonde wameuchonga hadi dunia nzima ikawajua. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, heshima kubwa kwa watu waliolinda msitu wao wenyewe. Sehemu kubwa ya mpingo unaokwenda kwenye ala za muziki huondoka nchini ukiwa vipande vidogo vilivyochongwa pande nne tu. Vinafika Ulaya, Ufaransa kwa mfano, kwenye kampuni kama Buffet Crampon, na huko vinageuka klarineti na zumari za orkestra. Wanaovigeuza wana mashine nzuri, lakini jambo la kwanza wanalofanya kwa kipande cha mpingo ni kukiacha. Kinalala kikauke. Kinatobolewa kidogo, kinalala tena. Kinachopasuka kinatupwa mapema, kabla hakijabeba gharama. Faida kubwa ya mti wetu inapatikana ndani ya subira hiyo, na subira ni sehemu ya ufundi. Nchi inayodhani thamani imo ndani ya mashine itaendelea kuuza vipande na kununua klarineti.

Wahenga wa pwani walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakimtaja aliyeunda, mtu anayejua ubao upi unainama na upi unavunjika, sio msumeno wake. Kwa hiyo yafaa tufanye yafuatayo, na hakuna hata moja lisilowezekana.

Mwenye karakana, kabla ya mashine mpya, jenga kibanda cha kukaushia mbao na ununue kipimo cha unyevu. Bei yake ni ndogo mno mbele ya bei ya meza moja iliyorudishwa. Mpe fundi mkuu mamlaka ya kukataa ubao mbichi hata mteja akiwa mlangoni. Lipa mshahara kwa wanaotengeneza kalibu na wanaokagua, malipo ya kipande yabaki kwa kazi ambazo haraka haiziharibu. Funga kinga kwenye msumeno na feni ya kuvuta vumbi.

Mteja, unapoagiza meza, usiulize bei tu. Uliza mbao ilikatwa lini na imekaushwa wapi. Mwambie fundi kama meza itakaa Tanga au Singida. Ukisikia "nitakupa baada ya wiki tatu kwa sababu mbao bado", huyo ndiye wa kumpa fedha yako.

Nanyi mnaoandika zabuni za serikali za madawati, milango na samani za ofisi, andikeni kiwango cha unyevu wa mbao na aina ya kiungo ndani ya zabuni, kisha mpelekeni mtu akapime kabla ya kupokea mzigo. Mkichagua bei ya chini pekee, mmechagua mbao mbichi na msumari, na mtainunua samani hiyo mara mbili kwa kodi za wananchi.

Mafundi wenzangu, sisi nasi tuache kunyamaza. Tunajua kwa nini mlango ule ulipasuka. Tuseme, mbele ya mwenye karakana na mbele ya mteja, na tumfundishe kijana anayetushikia ubao kwa nini tunafanya tunavyofanya. Maarifa tusiyoyasema ndiyo yanayowapa wengine nafasi ya kudai kwamba hatuna.

Mashine ije, na iwe bora kuliko zote. Lakini karakana isiyomheshimu fundi wake itaitumia kuzalisha takataka kwa haraka.